Masanga ya Mwezi wa Sita

Papa, baba yangu, hakumeza masanga mara moja alipokuwa akiyaonja. Aliyashika mdomoni, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, halafu akasema mvua ilinyesha saa ngapi na upande gani wa reli. Alikuwa mgema. Michikichi yake ilikuwa ng'ambo ya mto, upande wa kushoto, kando ya reli iendayo Ubundu, na huko ndiko alikolala siku nyingi za juma, katika kibanda cha majani, kwa sababu mti unaogemwa hutaka kukatwa upya asubuhi na jioni. Mama na mimi tulikaa Kabondo, mjini Kisangani. Mbele ya nyumba tulikuwa na payoti, paa la majani juu ya nguzo sita, na mabenchi mawili chini yake. Hapo Mama aliuza masanga ya mbila, mvinyo mweupe wa mchikichi, tangu kabla sijazaliwa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwa sababu ya vita, shule niliyofundisha ilifunguliwa wiki moja, ikafungwa mbili, kwa hiyo asubuhi nilishuka mtoni kumpokea Papa. Alivuka kwa mtumbwi na bidoni mbili, madumu ya njano. Tulizifunga nyuma ya toleka, baiskeli ya kukodi, nami nikatembea kando nikizishika zisiruke kwenye mashimo, maana mvinyo ukitikiswa sana huchemka mapema na kufika umechacha.

Njiani alinifundisha. Katika miezi ya kwanza ya mwaka, mvua zikipungua, mti hutoa mvinyo kidogo lakini mtamu, na povu hukaa juu ya kopo mpaka unaposhusha funda la mwisho. Mwezi wa nne na wa kumi, mbingu zikifunguka kila alasiri, mti hutoa mwingi, nao ni mwepesi, povu linakufa kabla hujainua mkono. Joto lina kazi yake pia: jua likiwa kali, kilichokuwa kitamu saa mbili huwa kimeanza kuwa kikali saa nane. Mti ni uleule, kisu ni kilekile, na bado hakuna wiki mbili ambazo zingetupa mvinyo wa ladha moja. Papa aliyasema hayo bila kujisifu, kama mtu anayeeleza tabia za ndugu zake.

Miaka ile alianza kulalamika. Alisema miezi imepoteza adabu. Mvua iliyopaswa kuja ilichelewa, iliyopaswa kuondoka ilibaki, na viwavi wa msituni, tuliozoea kuwala kila mwaka wakati uleule, siku hizi walianguka wakati hakuna aliyewangoja. Wateja wengi waliweka lawama kwa vita. Walisema mabomu yamepasua mbingu. Papa hakuamini hilo. Yeye alionyesha kidole kando ya reli, pale watu waliokimbia vijiji vyao walipokuwa wamekata miti kwa ajili ya makala, mkaa wa kupikia, na jua sasa lilifika chini mahali ambapo yeye, tangu ujana wake, hakuwahi kuona kivuli chake mwenyewe.

"Miti ilikuwa inashika mayi hewani," alisema. "Sasa nani atashika?"

Mteja wetu wa kila siku alikuwa mfanyabiashara kutoka milima ya Kivu ya Kaskazini. Alikuwa na duka la sabuni, chumvi na vitambaa katikati ya mji. Alikuja Kisangani kabla ya vita kwa ajili ya biashara ya miezi michache, halafu barabara zikafungwa, na mke na watoto wakabaki kule. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, mtu mfupi, msafi, mwenye shati lililopigwa pasi hata pasi ya makala ilipokuwa shida. Alikunywa makopo mawili, hakuwahi kuongeza la tatu. Wengine walikuja kulewa. Yeye alikuja kuonja, na hasa alikuja kumchokoza Papa.

"Papa, leo umetuletea mayi ya mvua."

"Jana saa kumi ilipita mvua kubwa. Mbila ilikunywa mingi. Ngoja siku tatu."

"Kwetu kule, kasiksi ya ndizi haingoji mvua. Iko tamu mwaka mzima."

"Donc rudia kasiksi yako," Papa alisema, na wote wawili wakacheka.

Hakuweza kurudi, na sote tulilijua hilo. Barua zake alizitoa kwa watu wanaopanda ndege ndogo za mizigo, na majibu yalikuja baada ya miezi, au hayakuja. Mara nyingine alinisomea kipande. Mkewe aliandika habari za viazi, za baridi, za mtoto wa mwisho aliyeanza kusoma. Aliposoma hakuniangalia, aliangalia barabarani, kana kwamba karatasi ilikuwa huko.

Mwaka huo, kuanzia katikati ya mwezi wa tano, mvua ilikatika kabisa. Mwezi wa sita kwetu huwa na mvua chache, lakini si ukavu ule. Vumbi jekundu lilikaa juu ya majani ya migomba. Pipa letu la kukinga maji chini ya bati lilibaki na tope tu. Na mvinyo ukaanza kubadilika. Kila asubuhi Papa alipofungua bidoni pale mtoni, harufu ilitoka kabla ya povu, harufu ya kitu kati ya asali na mkate. Alivuna nusu ya kawaida yake. Jumapili ya mwisho kabla ya mambo kuharibika, yule mfanyabiashara alitoka misa, akaketi, akanywa kopo la kwanza bila neno. Kisha akaniomba la pili. Kisha, kwa mara ya kwanza, la tatu.

"Mama," aliniambia kwa heshima, ingawa angeweza kunizaa, "hii nitaiandika kwa barua. Mwambie papa yako nimekubali."

Papa alipoambiwa alitabasamu kidogo tu. Alisema mti unaotoa hivyo una kiu, na mti wenye kiu si kitu cha kufurahia.

Jumatatu alivusha bidoni mbili, akarudi ng'ambo mapema ili awahi miti yake. Mama alikuwa na malaria tangu siku iliyotangulia, amelala chumbani chini ya vitenge viwili, akitetemeka kwenye joto lile. Asubuhi ilipokuwa imesogea nilikuwa nimekwisha kuuza nusu ya bidoni ya kwanza, ndipo tukasikia mlio kutoka upande wa daraja la Tshopo, halafu mwingine, halafu ikawa hakuna nafasi kati ya mmoja na mwingine. Majeshi mawili ya nchi jirani, yaliyoingia mjini pamoja kama marafiki, yalikuwa yameanza kupigana humo humo, sisi tukiwa katikati.

Wateja walitawanyika. Yule mfanyabiashara alikuja akikimbia kinyume chao, viatu mkononi, katoni ya biskuti kwapani. Chumba alichopanga kilikuwa karibu na mahali palipokuwa panapigwa. "Nipokee," alisema tu. Tukaiingiza bidoni iliyobaki nusu. Ile iliyojaa ilikuwa nje bado chini ya payoti. Kabla sijairudia, kitu kikapasuka barabarani, kipande cha chuma kikaitoboa. Tulikuwa tumelala kifudifudi sebuleni, na katikati ya milio tuliusikia mvinyo ukitiririka kwenye vumbi. Uliendelea kutiririka kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiri bidoni inaweza kushika.

Mchana umeme ulikatika, na mabomba yakakauka nao. Ndani tulikuwa na ndoo moja ya maji, katoni ya biskuti, na ile nusu bidoni.

Sasa nitasema nilichofanya. Alasiri ile ya kwanza, milio ilipopumzika kidogo na yule mfanyabiashara amesinzia ukutani, niliwasha makala jikoni nikachemsha chupa mbili za masanga. Mama alinifundisha zamani kwamba mvinyo ukichemshwa ungali mtamu, hubaki mtamu siku nyingi. Nilifikiria homa yake. Niliziba chupa kwa plastiki na uzi, nikazisukuma chini ya kitanda chake, nyuma ya fungu la nguo. Sikumwambia mtu. Wakati ule haikuwa siri. Ilikuwa tu kitu ambacho sikukisema.

Siku ya pili tulikunywa maji kwa vifuniko. Siku ya tatu ndoo ilikwisha, kwa sababu mama mzee wa nyumba ya jirani alipitisha sufuria yake juu ya ukuta uliobomoka na hatukuweza kumrudishia tupu. Tukaanza kunywa mvinyo peke yake. Siku hiyo ulikuwa umefikia ukali wake wote. Tulikuwa na njaa, na ukatupanda kichwani mara moja. Yule mfanyabiashara alianza kusali rozari kwa sauti, akasahau alipofika, akaanza upya, akasahau tena, na ghafla tukaanza kucheka, yeye na mimi, tumelala chini, mkono mdomoni kama watoto kanisani, na nyumba inatikisika. Sijui tulicheka nini. Mpaka leo, katika yote ya siku zile, kicheko kile ndicho ninachokisikia wazi kuliko mabomu.

Siku ya nne mvinyo ulikuwa umechacha. Kila funda liliongeza kiu badala ya kuikata. Tulitoa mabeseni yote uani, tukatambaa kuyapanga chini ya bati, tukiingojea mvua. Mbingu zilikuwa nyeupe, bila doa. Yule mfanyabiashara alilala karibu na mlango uliokuwa wazi kidogo, akiangalia juu.

"Papa yako anasema nini wakati kama huu?" aliniuliza.

"Anasema mvua ikikawia, masanga inakuwa nzuri."

"Ndiyo," alisema. "Ilikuwa nzuri sana."

Chumbani nilimnywesha Mama chupa ya kwanza, kijiko kwa kijiko, nimempa mgongo mlango. Homa yake ilishuka siku hiyo. Nadhani sukari ile ndiyo iliyomshika. Alipofumbua macho aliniuliza kama tumekula, nikamwambia tumekula.

Asubuhi ya siku ya tano midomo ya yule mfanyabiashara ilikuwa imepasuka na ulimi umemkauka hata maneno yake yalitoka mazito. Kilichobaki katika bidoni kilikuwa siki, kilichoma koo. Alikaa, akaniangalia, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza kwa mwenye nyumba:

"Mama, hakuna hata kidogo kile haiko chungu?"

Chupa ya pili ilikuwa chini ya kitanda. Mlango wa chumba ulikuwa hatua nne kutoka nilipokaa.

"Hakuna," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Alichukua bidoni ndogo ya mafuta ya mawese, akaifuta ndani kwa kitambaa, akavaa viatu, akachomekea shati. Alisema kuna chemchemi bondeni nyuma ya shule, si mbali, na kwamba tangu alfajiri milio imehamia upande mwingine. Nilimwambia angoje. Nilimwambia mara mbili. Lakini sikusimama, wala sikusema neno lile moja ambalo lingemketisha. Alitoka kwa mlango wa nyuma. Nilisikia hatua zake kwenye majani makavu, za mtu asiyekimbia.

Hakurudi asubuhi ile, wala mchana. Jioni milio ilirudi upande wetu. Mama aliuliza mgeni yuko wapi, nikasema ameenda kuteka maji. Akauliza tena baadaye, na mara ya tatu akaacha kuuliza.

Siku ya sita, bunduki zikiwa zimebaki mojamoja, mama mzee wa jirani alikuja na bidoni ile. Aliibeba kwa mikono miwili kifuani. Ilikuwa imejaa maji mpaka juu na kizibo kimefungwa barabara. Alisema amemkuta kwenye njia ya chini, uso umeelekea nyumbani kwetu.

"Alikuwa anarudi," alisema.

Aliweka bidoni sakafuni. Tuliiangalia, Mama kutoka mlangoni pa chumba akijishikilia ukutani, mama mzee, na mimi. Halafu tukanywa. Tulikunywa wote watatu, bila kungojeana, maji yenye ladha ya mawese, mpaka matumbo yakauma. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba katika siku kama zile mtu hujua yeye ni nani. Mimi najua tu kwamba maji yalikuwa baridi.

Alasiri hiyohiyo mvua ilinyesha. Ilinyesha kama ya mwezi wa kumi, ikajaza mabeseni yote, ikamwagika, ikaosha uwanja wote chini ya payoti. Nilikaa mlangoni nikaiangalia. Kama ingekuja siku mbili mapema. Mawazo yangu hayakuweza kupita hapo.

Papa alivuka siku ya pili yake, mtumbwi ulipokubali kumbeba. Alikuwa amesikiliza kila mlio kutoka ng'ambo, bila kujua nyumba ipi imeanguka. Alipotuona alitushika vichwa kwa zamu, Mama na mimi, kama anayehakikisha kwamba vimefungwa vizuri shingoni. Alikuja na bidoni mbili. Nilishangaa, hata nilikasirika.

"Ulikuwa unagema?"

"Kidonda cha mti, siku mbili bila kisu, kinaziba," alisema. "Na ningefanya nini? Kukaa nisikilize?"

Tulimzika yule mfanyabiashara nyuma ya nyumba, kando ya migomba, kwa sababu makaburi hayakufikika. Watu wa mtaa walikuja matanga, wengine wametoka kuzika wa kwao saa ileile. Hatukuwa na chakula. Tulikuwa na masanga tu, yaliyogemwa katika siku za mwisho za ukavu, kabla ya mvua. Papa aliyamimina mwenyewe. Kwanza aliangusha kidogo juu ya udongo mpya, kisha akazungusha kopo. Niliona nyuso zao walipoonja. Mtu mmoja, aliyepoteza mtoto, alilishika kopo mbele yake akaliangalia ndani, kama mtu aliyetukanwa. Katika miaka yote ya kugema, Papa hakuwahi kuleta mvinyo mzuri kama ule. Aliniambia hivyo miaka baadaye, kwa aibu. Kopo liliponifikia nililipitisha.

Ile chupa ya pili niliiacha chini ya kitanda. Sikuweza kumpa mtu wala kuimwaga. Nadhani sikuichemsha vya kutosha, au uzi haukukaza, kwa maana wiki kadhaa baadaye, mchana, tukiwa tumekaa nje, tulisikia mlio chumbani. Mama alijitupa chini. Watu wote wa Kabondo walijitupa chini kwa sauti yoyote wakati ule. Nilipoingia nikakuta vigae chini ya kitanda na povu jeupe likitambaa sakafuni, na chumba kizima kimejaa harufu ile, asali na mkate. Nilimwambia Mama kwamba panya ameangusha chupa. Aliniangalia, akaangalia vigae, akachukua ufagio mkononi mwangu akafagia mwenyewe.

Vita havikuisha pale. Viliendelea kwa namna nyingine, miaka mingine, na sisi tuliendelea kuuza. Lakini hali ya hewa haikurudi katika njia yake. Mwaka mmoja mvua za mwezi wa kumi zilisimama wiki tatu nzima. Nilikuwa mtoni asubuhi, Papa akafungua bidoni, na harufu ikatoka kabla ya povu. Nilishika ukingo wa mtumbwi. Wateja walifurahi, walikuja kutoka mitaa mingine, wakisema masanga ya mgema yule yamerudi kuwa yale. Mimi nilihudumia nimeshikilia pumzi. Mwaka uliofuata ilikuwa mwezi wa nne, mwezi wa maji, na ikawa vilevile. Zamani ningeweza kujiandaa. Ningejua kwamba mwezi wa sita utakuja, nitafunga moyo, utapita. Sasa ladha ile ilikuja ilipotaka. Niliweza kuamka siku ya kawaida kabisa, nimesahau, na ikanikuta mlangoni.

Papa naye aliteseka kwa njia yake. Michikichi miwili ya zamani ilikauka kuanzia juu. Siku moja alionja, akatema.

"Zamani nilijua mwezi kwa ulimi," alisema. "Sasa mutu ananiuliza mvua itakuja lini, sijui cha kumwambia. Iko kama nimezeeka siku moja."

Nilitaka kumwambia siku hiyo. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama bidoni ioshwe kwa majivu au kwa mchanga.

Nchi ilipounganishwa tena na ndege zikaanza kuchukua abiria, mke wa yule mfanyabiashara alikuja. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nguo nyeusi tangu kichwani mpaka miguuni, na sweta begani katika joto letu. Padri wa parokia alimwandikia zamani kwamba mumewe alifia kwetu. Tulimpeleka nyuma ya nyumba. Alipiga magoti kando ya migomba, akasali, akaokota kipande cha udongo akakifunga kwenye leso. Kisha akaja kuketi chini ya payoti, pale mumewe alipokuwa akiketi, bila kuonyeshwa. Papa alikuwepo, na Mama.

"Watu wanasema wewe ulikuwa naye siku ya mwisho," aliniambia. "Alisema nini?"

Nilikuwa nimejiandalia jibu kwa miaka. Alisali rozari, ningesema. Aliwataja ninyi. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema:

"Aliuliza kama kuna kidogo kisicho chungu. Nilimwambia hakuna. Kulikuwa na chupa moja. Nilikuwa nimeificha."

Mvua ilikuwa imeanza, nyembamba, juu ya majani ya paa.

"Ulimfichia nani?"

"Mama yangu. Alikuwa na homa."

"Na yeye ulimwambia hakuna."

"Ndiyo, mama."

Mama alianza kusema, "Alificha kwa ajili yangu," lakini yule mwanamke aliinua mkono kidogo, bila ukali, na Mama akanyamaza. Mikono ya mgeni wetu ilikuwa mikubwa, ya mtu anayelima, nayo ilitulia magotini.

"Mimi pia ningemfichia mama yangu," alisema mwishoni. "Lakini sitakuambia kwamba ni kitu kidogo. Usingoje niseme hivyo."

"Singoji."

"Bon." Alijifunika sweta. "Nipe hayo masanga yenu. Aliandika habari yake katika kila barua."

Nilimpa. Ilikuwa mwezi wa nne, na mwaka ule, kwa bahati, mvua zilikuwa zimenyesha kama zilivyonyesha zamani. Povu lilikufa mara moja. Alikunywa kopo zima, taratibu, akalirudisha.

"Hii ni mayi tu," alisema.

"Ni mvua, mama," Papa alimjibu, kama alivyomjibu mumewe mara mia. "Njoo mwezi wa sita, utaonja—"

Alisikia anachosema, akakatiza hapo. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone Papa akilia. Hakujifunika uso. Yule mwanamke alimtazama, kisha akasogea kwenye benchi, akaketi karibu naye, na wote wawili wakaangalia mvua ikipiga barabara mpaka ilipokatika.

Alilala kwetu siku tatu, akingoja ndege. Hakunisemesha sana, lakini siku ya mwisho alisimama jikoni nami tukamenya mihogo pamoja, na alinionyesha namna ya kuikata ili isibaki na nyuzi. Kuhusu mumewe aliniambia jambo moja tu: kwamba hata nyumbani hakuweza kukaa ndani kiu ikimshika, wala njaa, wala habari mbaya, alikuwa mtu wa kutoka. Hakusema kama aliniambia hivyo ili kunipunguzia au kwa sababu alikuwa akimkumbuka. Sikuuliza.

Tangu hapo, kila mwaka kwa miaka minne, mfuko wa viazi ulifika kwetu kutoka Kivu kwa ndege ya mizigo, jina la familia yetu limeandikwa kwa mkaa juu ya gunia, bila barua ndani. Mama alivipika kwa mawese. Papa, ambaye wakati huo hakuweza tena kupanda mti, alivipenda sana, aliviomba hata asubuhi. Sijui kama vilikuwa msamaha au vilikuwa viazi tu. Mara ya kwanza nilivisogeza kando ya sahani, na Mama akaniambia, "Kula, mwanangu, vitapoa." Nikala. Mwaka wa tano mfuko haukuja, na mtu aliyetoka huko akatuambia kwamba mvua zimeharibika hata kwao milimani, viazi vimeozea ardhini.